Tiba shufaa ya nyumbani kutoka hospitali moja ya kanisa, Kilimanjaro: tathmini ya miezi minne

Kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Mei mwaka jana, mama yangu mzazi alihudumiwa nyumbani kwake, Machame, na kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, cha hospitali ya kanisa. Sitaitaja hospitali hiyo kwa jina, kwa sababu nina malalamiko mawili juu yake ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, nao wakayapokea bila kukasirika. Hata hivyo, hospitali kadhaa za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) zina huduma ya namna hii, na familia nyingi huisikia mgonjwa akiwa amebakiza siku chache. Kwa hiyo naona ni vyema kueleza tulichopewa, tulichokosa, na jinsi imani ilivyoshughulikiwa na watu wanaokuja nyumbani wakiwa na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, mkononi.

Mama alikuwa na saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, ugonjwa ambao ukanda wetu wa Afrika Mashariki unao kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ulianza na ndizi kumkwama, akahamia kwenye mtori, yaani supu ya ndizi, kisha mtori nao ukawa mzito. Kama ilivyo kwa wengi, alipopimwa kwa kamera njia ilikuwa imeziba karibu yote. Aliwekewa kimrija cha kuipanua, na tukaelezwa wazi kwamba kimrija hicho ni cha kumwezesha kunywa na hakitaondoa uvimbe. Daktari alipoandika rufaa kwenda tiba shufaa, kaka yangu aliisoma kama barua ya kufukuzwa. Nakiri kwamba hata mimi niliisoma hivyo.

Muuguzi alifika Alhamisi iliyofuata, akiwa na mchungaji wa hospitali na dereva. Alisema, "Bwana Yesu asifiwe, mama," akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda ili macho yake yawe sawa na ya mgonjwa. Hakufungua begi. Alimwomba mama aonyeshe maumivu yake kwa mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mama, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akituambia "ni kidogo tu, wanangu", alinyoosha vidole vinne. Nadhani aibu niliyoipata pale kitandani ndiyo iliyonifanya niiamini huduma hii. Kisha muuguzi akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa hospitali: kwa mkono uleule, mama aonyeshe ana amani kiasi gani. Akatoa kidole kimoja. Vyote viwili viliandikwa kwenye daftari, mstari mmoja chini ya mwingine.

Mofini ilikuwa ya maji, kwenye chupa ya plastiki, pamoja na bomba dogo lisilo na sindano la kupimia. Ratiba yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mjukuu wa darasa la sita aliishika: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Tuliagizwa kutosubiri maumivu yarudi ndipo tumpe, na tukapewa dawa ya kulainisha choo siku ileile, kwa kuwa mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia. Baba aliuliza kwa sauti ya chini kama dawa hii ingemharakisha mama. Muuguzi alimjibu kwamba kipimo kinaanzia chini na kupanda taratibu kwa kufuata maumivu, na kwamba mgonjwa aliyelala usingizi kwa kuwa hatimaye hana maumivu hajaharakishwa popote, amepumzika. Ziara na mofini hatukulipia. Dawa nyingine tulinunua wenyewe.

Lile swali la amani halikuwa la kupamba daftari. Wazo la kumtibu mgonjwa mahututi kwa namna hii lina mizizi ya Kikristo: Cicely Saunders, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii aliyekwenda kusomea udaktari kwa ajili ya watu wanaokufa kwa maumivu, alifungua hospitali ya St Christopher's huko London mwaka 1967, akifundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho hukaa ndani ya mtu mmoja na hayawezi kutibiwa moja moja. Wazo hilohilo ndilo lililofika Kampala mwaka 1993, wakati Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda na kutegemea mofini ya maji ya bei nafuu. Nyumbani kwetu lilikuwa na sura ya ufunguo. Mama alikuwa mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa fedha, cha akina mama, na alikuwa hapati usingizi akiwaza kwamba atakufa nao chini ya godoro, sanduku lisifunguke, watu waseme. Sisi watoto hatukujua. Muuguzi alijua katika ziara ya pili kwa sababu aliuliza ni nini kinachomfanya akeshe. Mwenyekiti wa kikoba aliitwa, ufunguo ukakabidhiwa mbele ya mashahidi, na usiku ule mama alilala hadi alfajiri kwa kipimo kilekile cha dawa.

Mchungaji ndiye sehemu ya huduma niliyokuwa na wasiwasi nayo zaidi, kwa maana nimewaona watumishi wanaoingia chumba cha mgonjwa kama wanaopanda jukwaani. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku mama alipomuuliza kama haponi kwa kuwa imani yake ni ndogo, hakukimbilia kumfariji. Alimkumbusha kwamba Paulo, ambaye katika Matendo ya Mitume aliponya wengi, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, wala hakuna mahali anapowalaumu wawili hao kwa upungufu wa imani. Akaongeza habari ya mfalme Hezekia, ambaye aliomba kwa machozi, akaahidiwa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Mama alicheka, akasema kumbe hata nabii alikuwa na begi la dawa.

Wakati mwingine alimsomea Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila mwanga wowote kurudi mwishoni. Dada yangu alikereka, akaona ni somo la kumkatisha mgonjwa tamaa. Mama alitaka lirudiwe. Alisema anashukuru kujua kwamba Biblia ina mahali pa mtu asiyeweza kumalizia kwa haleluya. Ninapopima huduma hii kwa neno tumaini, hapo ndipo ninaposimama: hakuna aliyemtaka mama ajifanye anapona ili aonekane ana tumaini. Alizungumza juu ya ufufuo na juu ya jeneza lake katika alasiri moja, tena jeneza alilikataa la bei kubwa.

Tofauti ilionekana Februari, kaka alipomleta mhubiri mmoja wa mjini mwenye chupa za maji ya upako. Chupa ilikuwa shilingi 30,000, na sharti lake lilikuwa kuacha mofini, kwa hoja kwamba kuitegemea dawa ni kuikana imani. Simlaumu kaka. Mwaka 2011, watu kwa maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, mama mwenyewe alikuwa katika ile foleni ya magari kwa ajili ya shinikizo lake la damu, kwa hiyo ukoo wetu hauna wa kumcheka mwenzake. Lakini mama aliacha dawa siku moja na nusu, na mkono ulipofika vidole vitano, kaka mwenyewe ndiye aliyeichukua chupa ya mofini kabatini. Muuguzi alipoambiwa, hakutoa hotuba. Alianza upya kipimo, akamwambia kaka aendelee kuomba, ila aombe baada ya dawa ya saa 4.

Sasa malalamiko. Katikati ya Aprili mvua za masika ziliharibu barabara ya kupanda kwetu, gari la huduma likashindwa kufika Alhamisi, na chupa ikaisha Jumamosi asubuhi. Namba ya simu tuliyopewa haikupokelewa hadi Jumatatu. Siku mbili hizo zilikuwa mbaya kuliko siku zote za ugonjwa, na sioni kwa nini kitengo kinachojua majira ya mvua kilituachia dawa ya wiki moja tu bila akiba. Walikubali kosa, na kuanzia hapo tuliachiwa ya wiki mbili, lakini akiba hiyo ilipaswa kuwepo mapema. Lalamiko la pili ni dogo kwa kipimo na kubwa kwa mama: mmoja wa wanawake wa kujitolea wanaofuatana na timu alimwambia mwezi Machi asijali, Krismasi ataimba kwaya. Mama aligeukia ukutani na hakuzungumza na mtu hadi jioni. Anayejitolea anahitaji mafunzo yaleyale ya kunyamaza ambayo mchungaji anayo. Kama nalazimishwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano, na iliyopungua ni ya Jumamosi ile.

Kuna jambo moja ninalotaka kulieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndilo lililonionyesha kwamba muuguzi na mchungaji hawakuwa watu wawili waliopanda gari moja kwa bahati. Wiki mbili kabla ya mwisho mama aliomba Chakula cha Bwana. Hakuwa akimeza chochote isipokuwa vitu vya maji, tena kwa matone, na kukaa wima kulimwumiza. Walipanga kwa saa. Muuguzi alimpa mofini nusu saa kabla, akamsafisha kinywa kwa pamba yenye maji ya chumvi, akamwegemeza kwa mito mitatu. Mchungaji alivunja kipande cha mkate kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akakiloweka katika kijiko cha chai chenye divai hadi kikayeyuka, kisha akamgusisha ulimini. Tulisubiri. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeharakisha wimbo wala kukohoa. Alipomeza, muuguzi ndiye wa kwanza kusema amina, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilitazama koo.

Kwa familia zinazofikiria huduma hii, ushauri wangu ni kuiomba mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuongea na kugombana nao. Omba pia upewe namba mbili za simu, na uulize akiba ya dawa itakuwa ya siku ngapi. Asiyetaka mchungaji anaweza kumkataa, na jirani yetu Mwislamu aliyehudumiwa na timu hiyohiyo alikuja kuonwa na muuguzi peke yake, kwa heshima ileile.

Mama alifariki usiku wa Jumapili, akiwa nyumbani, ngumi yake ikiwa imefungwa alipoulizwa mara ya mwisho. Wiki ya tatu baada ya mazishi muuguzi alirudi bila kuitwa. Aliichukua chupa ya mofini iliyobaki, akapima mililita zilizomo mbele yetu, akaandika, akasaini, na baba naye akasaini. Kisha akahamia kwenye kigoda kile, akamwomba baba aonyeshe kwa mkono ana amani kiasi gani. Baba alitoa vidole viwili, akafikiri, akakunja kimoja. Muuguzi aliandika moja, akamwambia kwamba Alhamisi ijayo atapita tena.