Kabla hujanunua gemu, uliza linasevu vipi

Mwezi wa pili nilinunua diski ya PS4, ile mashine ya gemu ya Sony inayounganishwa kwenye TV, hapa Mtwara mjini, shilingi 65,000. Ni gemu la kutisha, jina lake naliacha. Muuzaji aliniambia, "Dada, hili ukianza hulali." Usiku wa kwanza nikacheza saa moja na nusu. Nimejificha chini ya meza, pumzi nimeibana, mlango wa chumba cha kusevu, yaani pale unapohifadhi ulipofikia, nauona pale mbele, umeme ukakatika. Feni ya PS ikanyamaza, ya dari ikazunguka polepole mpaka ikasimama, taa ya pedi, ile ya kuchezea mkononi, ikabaki inawaka peke yake gizani, halafu nayo ikazima. Umeme uliporudi PS ikaniambia haikuzimwa inavyotakiwa, ikaanza kujikagua. Kuingia ndani ya gemu, niko kwenye korido ya mwanzo, hata tochi sijaiokota.

Wiki hiyo hiyo yakanikuta tena mara mbili. Diski nikaiuza 25,000 kwa kijana mmoja wa Chikongola ambaye kwao wana sola.

Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii michoro wala urefu wa hadithi. Hayo muuzaji yeyote atakueleza mpaka uchoke. Mimi nataka kujua kitu kimoja: umeme ukikatika sasa hivi, napoteza nini? Sisi tunaoishi huku kusini, gesi inachimbwa Mnazi Bay na kupita kwenye bomba mpaka Dar, bado tunanunua mishumaa. Swali hili lilipaswa kuandikwa kwenye kila jalada la diski.

Kwanza niondoe kosa ambalo nimelisikia kwa watu wengi, akiwemo mdogo wangu: kwamba ukiilaza PS4 bila kuizima, gemu limesevu. Hapana. Ukiilaza PS4, ile taa yake ikawa ya rangi ya chungwa, gemu linakuwa halijasevu. Limeshikiliwa tu kwenye memori inayotegemea umeme. Ukikatika hata kwa sekunde, kila ulichofanya tangu usevu mara ya mwisho kimekwenda. Sevu kwanza kwa mkono wako, ndipo uilaze.

Namba moja kwangu ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, la mwaka 2017, kwenye Switch, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo. Mimi ni mtu wa Nintendo na sifichi. Gemu hili unalisevu karibu popote: uko katikati ya mwamba, mvua inanyesha, mikono inateleza, unafungua menyu, unasevu. Na usipokumbuka, linajisevu lenyewe mara kwa mara na kukuwekea sevu kadhaa za nyuma za kuchagua. Juu ya hapo, Switch yenyewe ina betri. Umeme ukiondoka unaichomoa kwenye stendi yake pale kwenye TV na kuendelea mkononi, barazani kwenye upepo. Hapo ndipo uwe makini na toleo. Switch ya mwanzo ya 2017 betri yake, kwa maelezo ya Nintendo wenyewe, inakaa saa 2.5 mpaka 6.5 kutegemea na gemu. Iliyoboreshwa 2019 inakaa 4.5 mpaka 9, na ile ya OLED ya 2021, yenye kioo cha aina nyingine, ni hivyo hivyo. Lite, ile Switch ndogo, ni saa 3 mpaka 7, ila Lite haiungi kwenye TV, hilo ulijue kabla hujatoa hela. Kwa za kawaida zisizo OLED, soma namba ya modeli nyuma ya mashine: HAC-001 bila kitu mbele ni ya zamani, HAC-001 yenye (-01) ndiyo yenye betri ya kukaa. Muuzaji atakuambia zote ni moja. Geuza usome mwenyewe.

Na magemu yake huja kwenye kadi ndogo, ambazo hazikwaruziki kama diski. Kama una mtoto mdogo nyumbani, zimepakwa kitu kichungu makusudi ili asizimeze. Mtoto wa dada yangu aliiweka mdomoni mara moja tu, akaja kunionyesha ulimi.

Namba mbili ni Stardew Valley, na hapa najua nitabishiwa, maana kwa kulitazama linafanana na gemu la miaka ya tisini. Lilitoka 2016, limetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kuanzia michoro mpaka muziki. Unalima, unafuga, unavua samaki, unajuana na majirani. Linasevu pale tu mkulima wako anapolala, na hilo lingekuwa kosa kubwa kama siku ingekuwa ndefu. Lakini siku nzima ya gemu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane usiku, ni kama dakika 14 za kwetu. Umeme ukikatika umepoteza siku moja ya shamba. Unamwagilia upya, maisha yanaendelea. Mama yangu, ambaye korosho amezipalilia tangu akiwa msichana, alikaa pembeni yangu akauliza mbona huyu anapanda kila kitu kwa mstari na hapalilii. Sasa hivi akisikia mlio wa jogoo wa gemu anakuja kuangalia kilichoota. Lipo la Switch na lipo la PS4. Chukua la Switch.

Namba tatu, God of War ya 2018 kwenye PS4. Linajisevu mara kwa mara, na wewe mwenyewe unasevu kwenye menyu ukiwa nje ya vita. Nilikatikiwa nikiwa napigana na jini, nikarudi hatua chache tu nyuma.

Elden Ring, gemu la mapigano, nalo linaandika kila unachofanya bila kukuuliza, hivyo unarudi karibu pale pale ulipokuwa. Wasiwasi wangu ni kwamba kitu kinachoandika muda wote kinaweza kukatikiwa kikiwa kinaandika, na faili likaharibika. Nimeliweka la nne kwa hofu hiyo.

Ya mpira yapo katikati. Ukikatikiwa umepoteza mechi uliyokuwa unacheza, msimu wako uko salama kama ulisevu baada ya mechi iliyopita.

Chini kabisa naweka Red Dead Redemption 2, na inaniuma, kwa sababu ni gemu zuri kuliko karibu yote niliyotaja. Farasi anapumua mvuke kwenye baridi, matope yanaganda kwenye viatu. Lakini ukiwa ndani ya misheni husevu, na misheni nyingine ni ndefu. GTA V, lile la magari na uhalifu, ni hivyo hivyo. Kama una UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, au betri ya sola, Red Dead lipandishe mpaka namba mbili. Kama huna, kaa nalo mbali. Na Resident Evil 2 ya 2019, gemu la kutisha, ukilicheza, usichague ugumu ule wa Hardcore. Hapo halijisevu kabisa, unasevu kwenye taipureta tu, na kila sevu inakula utepe wa wino, nao ni wa kuhesabu.

Magemu ya simu ni ya bei rahisi na simu ina betri. Sina zaidi.

Sasa bei. Diski moja, jalada moja, nimeambiwa 45,000 mwezi wa tano na 70,000 mwezi wa kumi na moja. Kilichobadilika ni minada ya korosho, watu wana hela mkononi. Ukiuliza, unajibiwa nauli ya mzigo kutoka Kariakoo imepanda. Basi linaloleta mzigo ni lile lile. Na kuna hili la kuuziwa akaunti: unalipa, unaingiziwa gemu kwa akaunti ya mtu usiyemjua, miezi miwili baadaye limefungwa na namba ya simu haipatikani. Usikubali. Nunua diski au kadi, ijaribiwe dukani mbele yako mpaka ufike kwenye sevu ya kwanza, na uigeuze kwenye mwanga uone mikwaruzo. Anayekataa kuwasha mashine anajua kwa nini anakataa.

Juzi nimepita tena lile duka la mwezi wa pili. Gemu jipya liko kioo cha mbele, 80,000. Nikamuuliza kijana linasevu vipi. Akaliangalia jalada mbele, akaligeuza nyuma, akasema, "Dada, hili michoro yake ni balaa." Nikamrudishia.