Presha kuka ni nzuri, ila "blenda ya bure" nimeilipia kila senti

Nilitaka kulipatia duka hili nyota tatu, maana presha kuka yenyewe ni nzima. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaiva kwa dakika arobaini na kitu, mpira wa mfuniko umekaa sawasawa, valvu haivuji. Kwa chombo peke yake sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni zawadi.

Tangazo lilisema hivi: presha kuka ya umeme ya lita 6 kwa shilingi 195,000, blenda BURE, ofa ya leo tu, zimebaki 7. Pembeni kuna saa nyekundu inayorudi nyuma kuelekea sifuri. Kuletewa ndani ya Dar es Salaam ni 10,000. Basi, hakuna gharama nyingine iliyotajwa. Unatuma nusu ya bei kwanza kwa simu, nyingine unamalizia mzigo ukifika. Nusu ilipoingia ndipo ukaja ujumbe mpya: kuna 18,000 ya "kushughulikia zawadi", apewe bodaboda kabla hajashusha mzigo.

Nikauliza hiyo 18,000 iliandikwa wapi. Dada wa huduma kwa wateja akajibu: "Zawadi unaitaka au huitaki? Kama huitaki mzigo unarudi, na malipo ya awali hayarudishwi."

Someni tena hilo jibu. Sikuagiza blenda, niliagiza presha kuka. Iweje kukataa zawadi kunifanye nipoteze chombo nilichokilipia? Zawadi ambayo huwezi kuikataa bila kuadhibiwa ni bidhaa ya pili uliyouziwa kwa nguvu. Na mpangilio wenyewe umepangwa kwa makusudi: gharama inafichwa mpaka hela yako iwe tayari mikononi mwao, ili kulipa 18,000 kuonekane nafuu kuliko kupoteza nusu ya bei. Ingewekwa kwenye tangazo tangu mwanzo, watu wengi wangepita zao.

Sasa tuweke hesabu mezani. Presha kuka ile ile, boksi lile lile, Kariakoo inauzwa 135,000 bila kubembeleza sana. Blenda ya aina ile inauzwa 38,000. Ukienda mwenyewe ukavinunua vyote viwili unatoa 173,000. Mimi nimetoa 195,000, na 10,000 ya kuletewa, na 18,000 ya zawadi: jumla 223,000. Hata nikiwaachia ile 10,000 ya bodaboda, kwa sababu kuletewa mlangoni ni huduma halali, bado nimetoa 40,000 zaidi. Kwa maneno mengine nimenunua blenda kwa bei kubwa kuliko ya dukani, halafu nikaambiwa nishukuru.

Na blenda yenyewe ni ya namna gani? Kibandiko cha chini kinasema wati 1000. Tazameni waya wake: umeandikwa 2 x 0.5 mm². Waya wa unene huo hubeba kama ampea 3, na kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni wati 690 hivi. Mtengenezaji aliyeweka mota ya wati 1000 ya kweli asingeifunga kwenye waya huo. Aidha kibandiko kinadanganya, aidha waya utachemka. Yote mawili ni mabaya. Plagi ni ya miguu miwili myembamba, haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu bila adapta, na adapta haimo ndani ya boksi. Chini kuna skrubu nne zimefichwa chini ya vile vimpira vya miguu. Ukifungua unakuta kile kigurudumu cha meno kinachoshikana na visu ni cha plastiki tupu, na waya wa mota ukikwanguliwa kidogo kwa kisu rangi ya shaba inatoka, chini yake ni aluminiamu nyeupe. Hakuna kikatio cha joto, kile kinachozima mota ikichemka. Kwa ndizi na parachichi itasukuma. Ukiweka nazi iliyokatwakatwa, au barafu, au karanga kavu, meno ya plastiki yanalika na mota inaanza kunuka. Aliye nayo asage sekunde thelathini, aipumzishe dakika mbili, aweke maji kabla ya vitu vigumu, na asijaze jagi kupita nusu.

Ikiungua je? Hapo ndipo zawadi inapouma mara ya mwisho. Kwenye risiti imeandikwa presha kuka peke yake. Blenda haipo, hata kwa bei ya sifuri. Kwa hiyo hakuna garantii, hakuna kubadilishiwa, na ile 18,000 haina karatasi yoyote kwa sababu ilipokelewa na bodaboda taslimu. Ukipewa zawadi yoyote na duka la mtandaoni, sisitiza iandikwe kwenye risiti pamoja na modeli yake. Muuzaji anayekataa kuiandika ameshakujibu swali la garantii.

Nikirudi kwenye ile "leo tu". Kurasa zinazotangaza Facebook na Instagram zinaonekana kwenye Maktaba ya Matangazo ya Meta, na yeyote anaweza kuingia bila hata kuwa na akaunti. Chagua nchi, chagua matangazo yote, andika jina la ukurasa. Kila tangazo linaloendelea limeandikwa tarehe lilipoanza kurushwa. Tangazo hili la "leo tu" limekuwa hewani miezi! Ile saa nyekundu nayo ni mchezo wa kwenye kivinjari chako: fungua ukurasa kwa dirisha la faragha, inaanza upya kutoka pale pale, na bado "zimebaki 7".

Kuna watakaosema biashara ndiyo ilivyo. Hapana. Marekani tume yao ya biashara, FTC, ina mwongozo wa tangu 1971 kuhusu matangazo ya bure: masharti yote yawekwe wazi mwanzoni kabisa, karibu na ofa yenyewe, wala alama ya nyota yenye maelezo chini ya ukurasa haitoshi, na bei ya kile unachotakiwa kununua isipandishwe ili kufidia zawadi. Mwaka 2008 kampuni ya ValueClick ilikubali kulipa dola milioni 2.9 kumaliza mashtaka ya FTC, yakiwemo ya matangazo ya zawadi za bure ambazo mtu hakuzipata mpaka atumie pesa kwenye ofa nyingine. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo yake ya 2005, umepiga marufuku kuita kitu bure iwapo mteja analipa chochote zaidi ya gharama isiyoepukika ya kujibu tangazo na ya kuchukua au kuletewa. Pimeni "kushughulikia zawadi" kwa kipimo hicho. Na hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Tusijifanye hatuna pa kwenda.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Zawadi za kweli zipo. Supermaketi ikikufungia sabuni ndogo kwenye kubwa na bei ya kubwa ni ile ile ya wiki iliyopita, hiyo ni zawadi. Kuna njia rahisi ya kutofautisha, na inafanyika kabla hujatuma hata shilingi. Mwandikie muuzaji: "Nataka presha kuka peke yake, bila zawadi, ni bei gani?" Akishusha bei, tofauti hiyo ndiyo bei ya zawadi. Akikwambia bei ni ile ile, uliza la pili: "Jumla nitakayotoa mpaka mzigo uwe ndani kwangu ni shilingi ngapi?" na jibu liwe la maandishi, ulipige picha. Anayekwepa hilo la pili, achana naye. Halafu ukitaka kulipa, angalia jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri: duka lenye lipa namba huonyesha jina la biashara, ukiona jina la mtu binafsi jua kwamba hata kudai kutakuwa kugumu.

Zile za WhatsApp za jibu maswali manne, chagua boksi, sambaza kwa makundi, sizijadili sana: hakuna zawadi kabisa. Boksi lako limepangwa kushinda jaribio la pili au la tatu kwa kila mtu, na maoni ya "nimepokea yangu" yamebandikwa kwenye ukurasa. Hapa Tanzania ujumbe wa kitapeli wa simu peleka 15040; Kenya, wa Safaricom wanatumia 333.

Lakini duka hili si matapeli wa namna hiyo, na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Wana bidhaa nzuri, wana bodaboda anayefika kwa wakati na mwenye adabu, wangeweza kuandika 223,000 kwa presha kuka na blenda na wengine wangenunua wakijua. Wakaamua kuficha, na nilipouliza wakanitishia pesa yangu mwenyewe. Nyota tatu nilizozitaja pale juu nimezifuta. Ni moja, ya presha kuka na bodaboda. Picha ya tangazo, ujumbe wa muamala, risiti na yale majibu vyote nimeviambatisha kwenye malalamiko yangu FCC. Wakinirudishia ile 18,000 nitakuja kuandika hapa hapa.