Pampu na filta za tenki la samaki: ukiwa Kigoma ununue ipi kwanza

Wadau, hii ni kwa mtu wa Kigoma, awe Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji, ambaye ana tenki la kioo sebuleni au ndo anajipanga kuanza, na hela aliyonayo inatosha kifaa kimoja kwa sasa. Watu wananiuliza sana kaka ninunue filta gani, na mi kila mara naanza na swali moja tu: umeme ukikatika usiku saa mbili ukarudi kesho asubuhi, hicho kifaa kitakuwa kinafanya nini usiku kucha? Habari ya lita ngapi kwa saa inakuja baadae.

Tuanze na maji manake yenyewe ndo yanaamua. Maji ya ziwa letu pH yake (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ni katikati, chini yake ni machachu) iko kwenye 8.6 mpaka 9.2 hivi, joto la juu juu nyuzi 24 mpaka 28, ni maji magumu yana kabonati nyingi na magnesiamu nyingi, na samaki wa Tanganyika wamezoea hayo hayo. Sasa kuna kitu watu hawaambiwi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ndani ya maji inakaa kwa sura mbili, moja haina madhara sana na nyingine ni sumu, na pH ikipanda ile ya sumu ndo inaongezeka. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 ile ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH 8 inafika kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Yaani uchafu ule ule ambao mwenzako mwenye maji laini hata hauoni, kwako unaunguza matamvua ya samaki. Wanaokuokoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta, hao wanaila amonia, na wenyewe wanahitaji hewa kama samaki. Hewa ikikata, wanakufa.

Kwa hiyo namba moja yangu, na sibadilishi, ni pampu ya hewa inayojiendesha kwa betri pamoja na sponji filta. Najua haina sura, kwenye picha za intaneti hakuna anayeiweka mbele, lakini ndo imekaa na mimi muda mrefu kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Pampu inasukuma hewa kwenye mpira mwembamba, hewa inapanda ndani ya bomba la sponji, ikipanda inavuta maji kupitia sponji, hapo hapo umechuja na umeingiza oksijeni. Kinachochakaa zaidi ni kile kipande cha mpira ndani ya pampu, kikichanika unanunua kingine unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Ziko za aina tatu madukani. Ya kwanza ya soketi tu, hiyo ni rahisi ila umeme ukienda nayo imeenda. Ya pili ina betri ndogo ndani, unaiacha imechomekwa muda wote na umeme ukikatika inaendelea yenyewe, hii ndo ya kununua kama unaanza, na usikubali maneno, mwambie muuzaji aichomeke alafu achomoe ukiwa umesimama hapo, usikie kama inaendelea au mpaka mtu abonyeze kitufe. Ya tatu ni ya volti 12, unaifunga kwenye betri ya sola. Hesabu yake ndo tamu: betri ya 12V 20Ah ina kama wati-saa 240, tuseme unatumia nusu tu ili usiiue, zinabaki 120, pampu ya wati 4 inakwenda masaa 30. Masaa thelathini! Mwenye taa za sola nyumbani tayari anayo nusu ya mtambo.

Ukinunua hakikisha unachukua na valvu ya kuzuia maji kurudi, ile ya plastiki ndogo kama kifuniko cha kalamu, bei yake haifiki hata ya soda lakini bila hiyo pampu ikizima maji yanarudi na mpira mpaka kwenye pampu, alafu mpaka kwenye soketi. Au weka pampu juu kuliko maji, na bora ufanye vyote viwili. Kelele ikikukera kata kipande cha ndala ya zamani iweke chini yake. Sponji ioshe kila baada ya wiki mbili tatu kwenye ndoo yenye maji ya tenki lenyewe, ikamue mpaka yatoke yale maji ya rangi ya chai ya rangi, usiioshe bombani, klorini inaua wale bakteria niliosema.

Namba mbili ni filta ya kuzamisha, ile yenye mota ndani ya maji na sponji yake. Ina nguvu ya kusafisha kuliko sponji filta, na kama una samaki aina ya duboisi au tropheus wengine unaihitaji, manake hao kule ziwani wanakaa kwenye mawe karibu na ufukwe, maji yana oksijeni nyingi, wanakula ule ukijani wa kwenye mawe siku nzima na wananya siku nzima. Kadirio zuri ni pampu ipitishe maji ya tenki mara 4 mpaka 6 kwa saa. Tenki la 120 kwa 45 kwa 45 ni kama lita 240, kwa hiyo unatafuta lita 1000 mpaka 1400 kwa saa.

Ila namba ya kwenye boksi usiiamini, ipime. Chukua ndoo ya lita 10, elekeza mdomo wa pampu humo ukiwa kwenye kimo kile kile utakachoifunga, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 36 hiyo ni lita 1000 kwa saa. Mi niliwahi kununua iliyoandikwa 1200, ndoo ikajaa kwa sekunde 55, sawa na lita 650 hivi, na hapo ilikuwa mpya haina hata uchafu. Kitu kingine, fungua mbele ya muuzaji umuone impela, ile sumaku yenye mapanga, uangalie kile kijiti cha katikati, kikiwa cha seramiki kinadumu ila kinavunjika kikidondoka, muulize kama spea ya impela anayo. Asipokuwa nayo ujue unanunua kitu cha msimu mmoja. Na kwa maji yetu baada ya miezi utakuta ukoko mweupe kwenye impela, pampu inaanza kulia au inachemka, hiyo ni chokaa, loweka kwenye siki nusu saa au ukikosa siki maji ya ndimu, sugua na mswaki wa zamani, suuza sana ndo urudishe.

Namba tatu ni ya kuning'iniza mgongoni mwa tenki. Si mbaya, kuibadilisha sponji ni rahisi, ila kiangazi maji ya tenki yanapungua haraka kwa kukauka, bomba lake likiacha kugusa maji inazunguka kavu mpaka inaungua, na nyingine umeme ukirudi haziwezi kuvuta maji zenyewe mpaka uzijazie. Ukiwa mtu wa kusafiri iache.

Namba nne ni kanista, lile dumu linalokaa chini ya meza na mipira miwili, na hapa najua nitabishana na watu. Ni mtambo mzuri kweli kweli, unabeba sponji na mawe ya bakteria mengi, maji yanakuwa kama hakuna maji. Nililipenda nikalinunua kwa hela ambayo ningepata sponji filta na pampu zake seti sita. Nikaenda kwenye msiba Kasulu, huku nyuma umeme ukakatika Jumamosi mchana ukarudi Jumapili alfajiri. Lile dumu limefungwa halipitishi hewa, ndani bakteria walimaliza oksijeni wakafa wakaoza, umeme uliporudi likajiwasha lenyewe kama muuzaji alivyonisifia, likamwaga ule uozo wote ndani ya tenki. Narudi naingia sebuleni nakutana na harufu ya yai viza, samaki wako juu wanahema mdomo wazi. Duboisi 14 wakabaki 5, na walikuwa bado wadogo, wale weusi wenye madoa meupe kama nyota, nilikuwa nawasubiri wapate ule mkanda wa ukubwani. Kwa hiyo ukiwa nalo, umeme ukikaa nje masaa matatu manne lichomoe, usiliache lijiwashe, lifungue umwage maji yake, suuza vya ndani na maji ya tenki ndo uwashe. Na mtu wa nyumbani afundishwe hivyo, asiwe anajua baba peke yake.

Pampu ya mawimbi naiweka mwisho. Hiyo ni ya watu wa matumbawe, wale wa maji chumvi wanaofuga Dar, ambako tumbawe limeshika jiwe haliwezi kufuata chakula mpaka maji yaje. Sisi tenki la futi nne halihitaji.

Ila kabla ya vyote hivyo nunua vipimo vya maji. Chukua vya matone, vikaratasi vinadanganya kwa haraka. Kipimo cha pH angalia kinaishia wapi, kuna vinavyoishia 7.6, hicho kwetu hakikusaidii kitu, unataka kinachofika angalau 8.8. Amonia na nitraiti (sumu nyingine, ile bakteria wanayoitoa wakila amonia) zisome sifuri, zikisoma chochote badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na usilishe.

Maji yenyewe sisi tumebarikiwa, dumu la ziwani mbali na wanapofulia na mbali na boti linatosha, la bomba liache siku nzima na mpira wa pampu ya hewa ndani klorini itoke. Ndugu zetu wa Tabora ambao maji ya bomba sasa yanatoka Ziwa Victoria, yale ni laini, mtahitaji magadi soda ya pakiti ya kupikia, siyo beking pauda, gramu 3 kwa lita 100 inapandisha ugumu wa kabonati digrii moja, mpande taratibu kwa siku kadhaa. Na wanaoniuliza kuhusu chumvi ya Uvinza, ni chumvi nzuri ya mboga, pH haipandishi.

Mzigo ukiagiza Kariakoo soma kibati chake kwanza, uone 220 mpaka 240V na 50Hz, za 110V zinaungua siku hiyo hiyo. Ukifika, iwashe kwenye ndoo ya maji matupu usiku mzima kabla haijaona samaki. Asubuhi usianze na kutia mkono, weka testa kwenye maji kwanza, ikiwaka taa chomoa na urudishe mzigo, na hata ikiwa salama waya wake uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, tone la maji lidondokee sakafuni.