Mizani ya 0.01 na lenzi ya sonara kwa kukagua sarafu zenye makosa: uzoefu wangu Mombasa

Ninazungumzia vifaa viwili: mizani ndogo ya dijitali ya gramu 200 inayosoma hadi gramu 0.01, na lenzi ya kukunja ya sonara. Ongeza sumaku ndogo, ambayo unaweza kuing'oa kwenye spika mbovu bila kulipa chochote. Mizani naipa alama za juu. Lenzi alama za wastani. Maandishi ya kwenye boksi la lenzi nayapa sifuri.

Sarafu yenye makosa huwa na thamani kwa sababu kosa lilitokea kiwandani, wakati wa kupigwa. Ikiharibiwa baada ya hapo, ni sarafu mbovu tu. Tangu bei zianze kusikika mitandaoni, sarafu zilizogongwa nyundo, kuchomwa moto na kuchovywa asidi zinauzwa kama hazina. Kwa hiyo vifaa hivi usivinunue ukidhani vitakutafutia mali. Vitakusaidia kukataa, na kukataa mapema kabla pesa haijatoka.

Tuanze na mizani. Iweke juu ya meza ngumu isiyotikisika, zima feni, na simu iweke mbali kwa sababu mawimbi yake huchezesha namba za mizani ya bei rahisi. Iwashe, iache dakika mbili ipate joto, ndipo uisawazishe: bonyeza kitufe cha kusawazisha bila kuachia mpaka kioo kiombe uzito, weka jiwe la gramu 100 katikati, subiri. Jiwe hilo mara nyingi halimo ndani ya boksi. Linunue kando, na ulishike kwa kitambaa, maana jasho la vidole linalichafua. Usikubali kusawazisha kwa kitu cha kukisia.

Namba ya mwisho usiiamini kama maandiko. Kusoma hadi 0.01 si sawa na kuwa sahihi hadi 0.01, tarajia kupishana kwa 0.02 hivi. Pima sarafu ileile mara kadhaa, ukiinyanyua na kuirudisha katikati ya sahani, si pembeni. Tena mizani hizi hujirudisha kwenye sifuri zenyewe zikihisi mabadiliko madogo sana, kwa hiyo kipande chepesi ukikiweka polepole inaweza kukimeza. Weka kitu chote kwa mpigo mmoja.

Mombasa kuna faida moja kubwa kwa kazi hii. Watalii huacha sarafu za kwao, na kwa kuwa maduka ya kubadilisha pesa huchukua noti tu, sarafu hizo huishia mikononi mwa watu wa ufukweni na wahudumu wa hoteli. Humo ndimo mizani inapojilipa. Senti ya Marekani ya shaba ina gramu 3.11, tangu walipobadili madini mwaka 1982 kwenda zinki iliyopakwa shaba, ni 2.5. Senti ya 1943 ilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, gramu 2.7, ila vibati vichache vya shaba (vipande vitupu ambavyo havijapigwa) vilibaki mashineni vikapigwa pamoja. Mojawapo iliuzwa kwa dola 204,000 Januari 2019, na ndiyo maana watu hupaka shaba zile za chuma. Sumaku inamaliza mjadala kwa sekunde moja: ikinata, rudisha. Isiponata, pima, shaba ya kweli itakaa karibu na 3.11. Na hata hapo bado, kwa sababu senti ya 1948 hukwanguliwa 8 ikawa 3. Sasa unahitaji lenzi.

Lenzi nyingi zinazouzwa zimeandikwa "30x". Uongo huo unapimika. Ishike karibu kabisa na jicho, sogeza sarafu mpaka ionekane vizuri, kisha pima umbali kwa rula. Lenzi ya mara 10 huona vizuri kwa milimita 25 hivi. Ya mara 30 ingehitaji takriban milimita 8. Yangu iliyoandikwa 30 inaona kwa 25. Sikuirudisha, maana mara 10 ndiyo inayofaa. Ya juu zaidi inakuonyesha mikwaruzo badala ya sarafu. Taa yake ndogo usiitumie. Inamulika kutoka mbele na kulaza kila kitu. Tumia taa ya mezani kutoka pembeni, huku ukizungusha sarafu taratibu ili vivuli vihame.

Kosa linalouzwa zaidi kwa udanganyifu, au kwa kutojua, ni herufi pacha. Pacha la kweli liko kwenye kalibu yenyewe, yaani muhuri wa chuma unaopiga picha kwenye sarafu: herufi ya pili ina unene wake, imejaa, na kwenye ncha za herufi utaona mgawanyiko au pengo dogo. Sarafu zote za kalibu hiyo zinafanana, kwa hiyo unaweza kulinganisha na picha za sarafu inayojulikana, kama senti ya Marekani ya 1955. Lile lisilo na thamani hutokea kalibu iliyolegea inapoteleza baada ya pigo. Hapo herufi imesukumwa pembeni, kivuli chake ni bapa kama ngazi na kinang'aa, na herufi yenyewe imepungua upana. Nyingi ninazoonyeshwa ni za aina hii.

Pande la ukingo lililokatika, tazama upande wa pili wake. Likiwa limekatika kabla ya kupigwa, ukingo wa upande ule wa mkabala huwa umefifia, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukandamiza. Ukingo wa mkabala ukiwa mzima na mkali, kuna uwezekano mkubwa ni kazi ya tupa.

Kobole, ashu na mbao zetu (shilingi 5, 10 na 20 za Kenya) za madini mawili zina hila yake: kiini hupigwa nyundo kikatoka, kisha pete inauzwa kama "haikuwekwa kiini". Tazama ukuta wa ndani wa tundu. Ukiona alama iliyoachwa na kiini, kilikuwepo. Kiini kilichokaa upande kwa kosa la kweli, picha huvuka kutoka madini moja hadi jingine bila kukatika.

Kuna makosa ambayo mizani haina la kusema. Pensi 20 ya Uingereza isiyo na mwaka, ya 2008, ina gramu 5.00 kama wenzake. Mwaka ulihamishwa upande, kalibu ya zamani ya kichwa ikachanganywa na ya ngao mpya, na sarafu chotara zikatoka. Hapo tafuta kwa lenzi dalili za mwaka kusuguliwa, hasa uso wenye mikwaruzo ya mwelekeo mmoja. Na chotara wa kwetu? Kiwanda cha Heaton, Birmingham, kilipigia makoloni mengi, na mwaka 1936 upande wa senti 10 ya Afrika Mashariki uliunganishwa na upande wa peni ya Afrika Magharibi ya Kiingereza. Ukipata sarafu ya Mfalme Edward wa 8 yenye tundu, soma pande zote mbili.

Bei sasa. Bei anayoiandika muuzaji ni matakwa yake. Kwenye eBay chuja zilizokwisha kuuzwa, na angalia kama iliyouzwa ilikuwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu, maana iliyo wazi haifiki bei hiyo. Gharama ya kuituma kupimwa huko inaweza kupita thamani ya kosa dogo. Shilingi 40 ya 2003 si kosa. Ni ya ukumbusho wa miaka 40 ya uhuru. Na mnunuzi anayetaka umtumie "ada ya usajili" kwa M-Pesa kabla ya kununua, achana naye.

Hewa ya bahari ndiyo adui wa yote haya. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa utando wa kijani kwenye shaba. Tumia vibanio vya kadi vyenye dirisha la maila (plastiki angavu isiyo na PVC). Utando ukishaanza, loweka kwenye asetoni halisi ndani ya chombo cha glasi, mbali na moto, bila kusugua. Limau, majivu na Brasso vinaua bei papo hapo. Mizani nayo itoe betri ukimaliza, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko na pakiti za kunyonya unyevu. Springi za betri ndizo hushika kutu kwanza.