Mafunzo ya CRAFT kwa familia ya mraibu anayekataa tiba: tathmini ya mteja

Huduma nyingi za uraibu humtaka mgonjwa afike mwenyewe, akiri tatizo lake na aombe msaada, na kwa hiyo familia ya mtu asiyekiri chochote hubaki haina pa kuanzia. Mafunzo yanayofahamika kwa kifupi kama CRAFT (Community Reinforcement and Family Training) yamegeuza utaratibu huo: anayehudhuria vikao ni mke, mzazi au ndugu, na huenda mlevi mwenyewe asijue kabisa kwamba kuna mshauri. Nilijiunga kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye kila tulipomtajia hospitali alijibu kwamba pombe ni yake na fedha ni zake.

Njia hii ilibuniwa Marekani na Robert J. Meyers, akiendeleza kazi ya mwanasaikolojia Nathan Azrin ya miaka ya 1970. Msingi wake ni kwamba mtu huendelea kulewa kwa sababu ulevi humpa kitu anachokitaka, hivyo wanaoishi naye wapange mambo kwa namna ambayo kukaa bila pombe kutampa zaidi. Baada ya mshauri kuuliza kwa kina kama kuna vipigo nyumbani, kazi ya kwanza ni kuandika mgonjwa hunywa lini, akiwa na nani, baada ya jambo gani, na hupata nini kwa kunywa. Daftari langu lilionyesha kwamba mdogo wangu hakuwa akinywa kila siku kama tulivyozoea kulalamika; alikunywa akipokea mshahara na jioni alizogombana na baba, na asubuhi iliyofuata alikuwa mtu wa kusikiliza.

Sehemu yenye thamani kubwa, kwa maoni yangu, ni mazoezi ya kuzungumza. Mshauri aliigiza mdogo wangu, akanijibu kwa ukali uleule wa nyumbani, nami nikarudia sentensi moja hadi itoke bila lawama. «Umerudi umelewa tena, huoni aibu?» ikawa «Nafurahi sana ukikaa nasi ukiwa hujanywa. Leo umekunywa, kwa hiyo naenda kulala, tutaongea kesho.» Asiyejua atadhani huko ni kubembeleza, kumbe sentensi ya pili ndiyo kali zaidi, kwa kuwa inamwondolea mlevi mambo mawili anayoyategemea, yaani mtu wa kumsikiliza na ugomvi wa kumpa sababu ya kutoka tena. Kwa mantiki hiyo hiyo tuliacha kumtungia udhuru kazini na kumlipia madeni ya baa. Hata hivyo mafunzo hayasemi mgonjwa atupwe: aliyezimika hulazwa ubavu na kuitiwa msaada, wala hapewi funguo za gari eti apate funzo.

Mwaliko wa tiba huja mwishoni, nao huteuliwa wakati wake, kwa mfano mgonjwa anapojutia jambo alilolifanya au anapouliza wewe unahudhuria nini. Nafasi ya kuonana na daktari inapaswa kuwa imeandaliwa kabla, kwa kuwa utayari wa mraibu hauna subira.

Ushahidi upo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ndugu 130 wa walevi waliokataa tiba waligawanywa katika makundi matatu: waliofundishwa CRAFT walifanikiwa kuwaingiza wagonjwa wao katika tiba kwa asilimia 64, walioandaliwa kwa kikao cha familia cha kumkabili mgonjwa asilimia 30, na walioelekezwa kwenye njia ya Al-Anon, yaani vikundi vya kusaidiana vya ndugu wa walevi, asilimia 13. Takwimu hizo hutumiwa vibaya na wauzaji wa huduma. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, haikusudii kumsukuma mlevi aende hospitali bali kumponya ndugu aliyechoka, na hailipishi ada. Katika kundi la kikao cha kumkabili, familia nyingi ziliishia njiani bila kukifanya. Tena, kuingia tiba si kuacha pombe.

Upungufu mkubwa wa mtoa huduma niliyemtumia ni kwamba hakugusa hatari za mwili hadi nilipouliza. Mlevi wa muda mrefu anayekatishwa pombe ghafla nyumbani anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa vibaya hata akafa, na ndugu wanaomfungia ndani kwa nia njema hawaambiwi hivyo mapema inavyostahili. Kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, arosto (maumivu ya kukosa dawa hiyo) humtesa sana lakini hatari kubwa zaidi ni kuzidisha dozi, hasa akirudia baada ya kuacha kwa muda, na familia inapaswa kufundishwa kutumia naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha. Kasoro nyingine ni wingi wa kazi za kuandika, ambazo mama yetu asingeziweza peke yake.

Ninaipendekeza huduma hii kwa anayeishi na mgonjwa au anayeonana naye mara kwa mara. Ndugu wa mbali anayepiga simu tu hatakuwa na la kutoa wala la kuondoa. Penye vipigo, atafutiwe kwanza anayepigwa mahali salama. Kabla ya kulipa, muulize mshauri kama amefunzwa CRAFT yenyewe na kama huigiza mazungumzo na wateja wake, kwa sababu wapo wanaotoa mihadhara juu ya uraibu na kuipachika jina hilo.