Tathmini ya orodha ya Do Not Call kwa familia zenye simu ya mezani Marekani

Serikali ya Marekani inaendesha huduma ya bure iitwayo National Do Not Call Registry, orodha ya namba za simu za watu ambao hawataki kupigiwa na wafanyabiashara wasiowajua. Inasimamiwa na Federal Trade Commission, tume ya shirikisho inayoshughulikia biashara na ulinzi wa walaji, na ilianza kupokea namba mwezi Juni 2003. Nimeitumia kwa simu ya mezani ya nyumbani kwetu, ambayo mchana hupokewa na mama mzazi, na ninaiandikia familia zetu zinazozungumza Kiswahili huku kwa sababu wazee wetu ndio wanaoumizwa zaidi na simu hizi.

Mzee aliyelelewa kwetu hakati simu mtu akiwa bado anazungumza. Husalimia, huuliza hali, husikiliza hadi mwisho, na mpigaji aliyebobea katika kazi hiyo hutambua mara moja kwamba amepata wa kuzungumza naye. Mama aliwahi kuniita akiwa ameshika mkonga wa simu: “Mwanangu, kuna mtu anasema waranti ya gari letu inaisha leo, anataka namba ya kadi.” Gari hilo halikuwa na waranti yoyote ya kuisha, na mazungumzo yenyewe yalianza kwa sauti iliyorekodiwa iliyomwambia abonyeze 1.

Kujisajili si kazi. Unaweza kupiga 1-888-382-1222 kutoka kwenye simu ileile unayotaka kuiandikisha, au ukaingia donotcall.gov, ukaandika namba zisizozidi tatu kwa mara moja pamoja na anwani ya barua pepe, kisha ukafungua kiungo utakachotumiwa kabla saa 72 hazijapita. Usipokifungua, usajili haukamiliki. Namba huonekana kwenye orodha siku inayofuata, lakini kampuni zimepewa hadi siku 31 kuacha kupiga. Usajili hauna tarehe ya mwisho, isipokuwa namba ikikatwa na kupewa mtu mwingine au mwenyewe ukiomba iondolewe. Kwa hiyo anayekupigia akidai kwamba usajili wako unakaribia kuisha, au kwamba atakusajilia kwa malipo, ni tapeli, kwani tume haimpigii mtu simu ili imsajili.

Wengi huidharau huduma hii kwa kutoelewa kwamba orodha haizuii simu yoyote kuingia. Hakuna mtambo unaokaa kati ya mpigaji na simu yako. Kampuni zinazouza kwa simu zinatakiwa kuipitia orodha angalau kila baada ya siku 31 na kuondoa namba zilizomo, na zikikaidi zinaweza kutozwa faini ya zaidi ya dola 50,000 kwa simu moja. Kampuni yenye jina, ofisi na mali huiogopa faini hiyo. Tapeli aliyeghushi namba ili kwenye kioo chako ionekane ni ya mtaani kwenu haiogopi, maana hatarajii kupatikana.

Hata hivyo naihesabu huduma hii kuwa ya thamani kubwa, kwa jinsi inavyowachuja wapigaji. Kabla ya kujisajili, simu ya kuuza bidhaa inaweza kutoka kwa kampuni halali au kwa mwizi, na mzee hana njia ya kuwatofautisha. Siku 31 zikishapita, kampuni ambayo hamjawahi kufanya nayo biashara haina ruhusa ya kupiga, hivyo mgeni anayepiga akiuza kitu amekwisha kuonyesha kwamba sheria haimshughulishi. Nilipomweleza mama hivyo, alipata sababu ya kukata simu bila kujiona amekosa adabu, na kwangu faida hiyo peke yake inatosha.

Sheria yenyewe imeacha milango kadhaa wazi. Wanasiasa, mashirika ya hisani, wakusanyaji wa maoni na wadai wa madeni wanaruhusiwa kupiga, ndiyo maana msimu wa uchaguzi simu haitulii. Kampuni uliyonunua kitu kwake inaweza kuendelea kukupigia kwa miezi 18, na ile uliyoiulizia tu inaweza kwa miezi mitatu. Miezi 18 naiona ni mingi mno, kwani mtu aliyenunua zulia mara moja hakukubali kuandamwa mwaka mzima na nusu. Waambieni wasipige tena, nao wanalazimika kutii, na mwandike tarehe mliyowaambia.

Kwa simu za mashine, orodha inahitaji msaidizi. Ikiwa simu yenu ya mezani inapitia kwenye intaneti, huduma ya Nomorobo, iliyokuwa miongoni mwa washindi wa shindano la tume hiyohiyo mwaka 2013, haina malipo. Kila simu inayoingia huita kwenu na kwao kwa wakati mmoja, na namba ikiwa miongoni mwa wasumbufu wanaojulikana, mtambo wao huipokea na kuikata baada ya mlio mmoja. Nyumbani tumekwisha kuzoea: kwa mlio wa kwanza hakuna anayeinuka. Kwenye laini za zamani za waya wa shaba haifanyi kazi. Huko itabidi mnunue kifaa cha kuzuia namba kinachochomekwa kati ya ukuta na simu.

Upungufu unaonisikitisha ni kwamba tovuti ya usajili haina Kiswahili, kwa hiyo mtoto au mjukuu akae na mzee wake wajisajili pamoja. Malalamiko nayo hupelekwa hapohapo donotcall.gov. Andikeni namba iliyoonekana, tarehe, saa, na kama ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Tume haifuatilii kesi ya mtu mmoja mmoja, lakini namba zinazoripotiwa hutangazwa kila siku ya kazi, na kampuni za simu huzitumia kuwazuia wapigaji hao.