Secret Empire: uanzie mbali au uingie kileleni?

Barazani kwetu Michenzani, kahawa ikishamiminwa tu, ubishi ni ule ule: Secret Empire, hadithi ya katuni ya kampuni ya Marvel, isomwe vipi? Wapo wanaosoma mfululizo mkuu wa 2017 peke yake, toleo 0 hadi 10. Wengine wanarudi Mei 2016, kwenye Captain America: Steve Rogers namba 1, pale shujaa huyo, ambaye jina lake halisi ni Steve Rogers, alipojitangaza kuwa mtu wa Hydra, genge la waovu lenye uhusiano na Wanazi, na wasomaji wakawaka moto.

Hasira ile naielewa. Joe Simon na Jack Kirby, Wayahudi wote wawili, walimbuni Captain America awapige Wanazi. Kwenye jalada la kwanza kabisa, la Machi 1941, anamtandika Hitler ngumi ya uso.

Kwa gharama, mfululizo mkuu unashinda. Matoleo yake yamekusanywa kwenye kitabu kimoja cha kuagiza, si rundo, na unyevu wa masika hapa Unguja hauzihurumii karatasi.

Kwa uelewa, njia ndefu inashinda, tena mbali. Toleo la pili tu la mfululizo ule wa 2016 linafichua kwamba Kobik, mtoto mwenye nguvu za Cosmic Cube, mchemraba unaoweza kugeuza uhalisia, aliathiriwa na Red Skull, adui mkubwa wa Captain America, akayabadilisha maisha ya Steve ya nyuma. Aliyeishia la kwanza amehukumu kesi kabla ya ushahidi. Lakini mwandishi Nick Spencer anajenga polepole, na subira inahitajika.

Una wikiendi moja? Shika mfululizo mkuu. Una likizo ya skuli na bando la kutosha, au hasira ya 2016 bado unayo? Anzia mbali.